Kanda Isiyo na Pete

Baba,

Kabati la Mama halifungwi tena kwa ufunguo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Usiwe na wasiwasi. Kanda yako haikupotea. Ila yaliyotokea kabla kabati halijafunguliwa ni marefu, na nimengoja Mama na mdogo wangu Kioko waende kanisani ndipo nikae hapa mezani, upande wako, nikueleze kwa utaratibu. Nimewaambia kichwa kinaniuma. Kinaniuma kweli, kidogo.

Tulikuzika nyumbani Kangundo, ubavuni mwa nyanya yetu, Susu. Watu wa kazini kwako walikuja na lori la kiwanda, na Bwana Barasa alikuwa miongoni mwao, amevaa lile koti lake la kijivu. Watu walipokuwa bado wanarudisha udongo, alimsogelea Mama akainama kidogo. "Shemeji, samahani," alisema. "Marehemu aliacha kitu chochote cha kazini pale nyumbani?"

Nilikuwa nimemshika Mama mkono. Nilihisi vidole vyake vikikaza. Akamjibu kwamba uliacha watoto.

Tangu siku hiyo sikumwamini Bwana Barasa. Ni mtu aliyekula kwetu Jumapili nyingi, na wewe ulikuwa ukisema ndiye opereta wa pekee anayejua kufanya kazi na mtu bila kumchosha kwa maneno. Lakini mtu gani anaulizia vitu kaburi likiwa bado linafukiwa? Tuliporudi mtaani kwetu Mbotela, Bwana Barasa akaanza kuja kila Jumapili na kilo ya sukari. Anaulizia masomo yangu, anaulizia kikohozi cha Kioko, halafu macho yake yanaanza kutembea: juu ya kabati, chini ya viti, nyuma ya mlango. Akishaondoka Mama anaishika ile pakiti kwa ncha za vidole na kuiweka rafuni peke yake. Chai tulikunywa kwa sukari yetu wenyewe, na ilipokwisha tulikunywa bila.

Sisi tulijua anatafuta nini. Kila Ijumaa ulikuwa ukija na lile kasha bapa la mviringo ndani ya mfuko wa khaki, unalilaza kabatini katikati ya mablanketi, na Jumatatu unalirudisha la wiki iliyotangulia. Redio haikuruhusiwa kukaa upande ule wa chumba, kwa sababu ulisema spika ina sumaku, na sumaku hula maandishi ya kanda bila kuacha hata alama ya meno. Nilipokuuliza kwa nini kanda ya kiwanda ije kulala kwetu, ulinieleza kwamba vitabu vyote vya kiwanda sasa viko ndani ya mashine moja, ile kompyuta mliyoiendesha wewe na Bwana Barasa, na nakala zake ziko kwenye kabati la chuma hapo hapo kando yake. Chumba kikishika moto vinaungua vyote, mama na mwana. "Mkulima haweki mbegu zote ghala moja," ulisema. Meneja wa zamani alikubali nakala moja ilale nje mpaka itafutwe benki ya kuihifadhi. Alikubali kwa mdomo. Benki haikutafutwa, meneja akahama, akaja huyu mpya, na hakuna aliyemwambia kitu. Mliojua ni wewe na Bwana Barasa.

Na Mama, bila shaka. Ndiyo maana tulipotoka Kangundo alifunga kabati na ufunguo akaufundika kwenye pindo la leso. "Ni mali ya watu ndani ya nyumba ya mtu aliyekufa," aliniambia. "Watasema aliiba. Na maiti hajitetei." Nilimuuliza kama hatuwezi kuirudisha tu. Akasema tungoje tuone nani anaitaka, na anaitakia nini.

Kioko peke yake hakuwa na shaka na mtu. Alishinda akizivaa zile pete zako za plastiki, zile ulizokuwa ukimletea zikivunjika ukingo, mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, akitembea plotini kama bibi harusi wa Kimasai. Unakumbuka ulivyonionyesha kazi yake? Nyuma ya kanda kuna mfereji wa mviringo. Ukitia pete, mashine inakubali kuandika. Ukiitoa, mashine inaweza kusoma tu, hata aamrishe nani. Kanda ikishakamilika pete hutolewa, na kabla ya kuifungia unapitisha kidole mferejini kuhakikisha. Ulinishika kidole changu ukakipitisha. Nilikuwa mdogo, lakini kidole hakijasahau.

Halafu shule zilipofunguliwa, habari ikaingia mtaani kupitia Baba Nekesa. Unavyojua jirani yetu huwa anaimba akirudi zamu ya kufuma mablanketi. Siku hiyo hakuimba. Alipita mlangoni petu bila kugeuza shingo, akaubamiza mlango wake mpaka sufuria yetu ikalia ukutani.

Mashine ya kiwanda ilikuwa imeanguka. Si kuanguka chini. Ile diski yake ilikwaruzwa na kila kilichokuwemo kikaenda. Wakafungua kabati la chuma, wakajaribu nakala moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyosomeka. Na ilitokea wakati mbaya, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimetangaza kupunguza watu, na aliyeajiriwa mwisho ndiye angetoka wa kwanza. Sasa nani ajuaye nani aliajiriwa lini? Kadi za zamani ziliuzwa kama karatasi taka mashine ilipofika. Wewe mwenyewe uliwahi kuniletea njugu zilizofungwa kwa kadi ya likizo ya mtu. Ulilisoma jina, ukakunja uso, ukaikunja kadi na kuiweka mfukoni kana kwamba mwenyewe angeipitia. Basi sasa meneja alitaka kila mfanyakazi alete ushahidi wake, na asiye nao ahesabiwe mgeni. Baba Nekesa, ambaye aliingia pale kabla sijazaliwa, alikuwa mgeni.

Kilichofuata ni kwamba walihitaji mtu wa kubeba lawama, na wewe hukuwepo kukataa mzigo. Habari ilifika hivi: nakala alizifanya marehemu, na alizifanya mbio mbio ili atoke mapema Ijumaa.

Vijana wa pale kwenye kibanda cha sigara ndio walioanza. "We mtoto wa kompyuta," mmoja aliniita nikitoka shule, "buda yako alienda na miaka ya fathe wangu. Mwambie airudishe." Wenzake wakacheka. Wajua mimi siwezi kujibu watu. Nilifungua kitabu nikatembea nikijifanya nasoma, na kitabu kilikuwa juu chini. Lakini la kwenye mfereji wa maji liliniuma zaidi. Nilikuwa kwenye foleni na debe langu, Mama Nekesa yuko mbele, akasema bila kunitazama, kana kwamba anaongea na maji: "Wamwulize huyu. Pengine miaka yetu iko chini ya kitanda chao." Wanawake wakacheka, na mimi masikio yakawaka moto. Si kwa sababu alinionea, Baba. Ni kwa sababu alikosea kidogo tu. Haikuwa chini ya kitanda. Ilikuwa kabatini.

Hapo ndipo nilipoanza kukushuku wewe.

Naliandika kama lilivyo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka. Ni kweli ulikuwa unakuja mapema. Miaka yote Ijumaa ilikuwa siku ya kula bila wewe, sahani yako imefunikwa juu ya jiko. Halafu mwaka huu ulipoanza, Ijumaa ukawa unafika jua likiwa bado juu ya mapaa. Tulikaa kizingitini, wewe na gazeti la jana uliloletewa na mlinzi, mimi na jometri yangu, na tulikuwa tunasomeana. Unasoma habari, mimi nasoma nadharia ya pembetatu, na unasema habari yangu ina ukweli zaidi. Sikuwahi kukuuliza muda ule umeutoa wapi. Niliupokea kama mtu aliyeokota kitu njiani akakitia mfukoni haraka kabla mwenyewe hajarudi.

Sasa nikauliza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kuandika kanda ni nusu ya kazi. Lazima uirudishe mwanzo, uisome yote, mashine ilinganishe kila kitu na kilichomo ndani yake, na kuisoma kunachukua muda ule ule wa kuiandika. "Nakala ambayo haijasomwa ni matumaini tu," ulikuwa ukisema. Basi mtu anayetoka mapema ameacha nini? Nilipiga hesabu hiyo kila upande na jibu lilikuwa moja. Nilikaa nikiitazama picha yako ile ya suti, na wewe ulinitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali darasani akaamua kutojibu. Niliwaza kwamba jioni zile zetu ndizo zilizokuwa miaka ya Baba Nekesa. Sikumwambia Mama. Yeye alikuwa na mashaka yake mwenyewe ya kutosha, na sikutaka kumwongezea la nyumbani.

Halafu Bwana Barasa akaja siku isiyokuwa Jumapili, bila sukari. Nilikuwa nimetoka shule sasa hivi. Alikaa ncha ya kiti, kofia magotini, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakutembea. Alimwambia Mama kwamba anajua kanda iko humu. Hajamwambia mtu. Akisema, na sisi tukakana, yeye ni mwongo. Na akisema tukakubali, sisi ni watoto wa mwizi. Kwa hiyo alikuwa akija kila wiki akitafuta jinsi ya kuuliza, na kila wiki Mama anamtazama vile anavyomtazama, anarudi kwao Kariobangi na swali lake mdomoni.

"Kwa nini hukuuliza wazi?" Mama alisema.

"Niliuliza kaburini, shemeji. Ulinijibu, nikanyamaza."

Akaeleza kwamba kanda zote za kabati la chuma zimeandikwa upya tangu ulipofariki, kwa zamu, kama kawaida. Hiyo ya kwetu ndiyo ya pekee iliyobaki kutoka mkononi mwako. Ina upungufu wa wiki chache, lakini miaka ya watu imo. Kama inasomeka.

Mama aliyarudia maneno hayo ya mwisho. Kama inasomeka? Bwana Barasa alishika kofia yake. Akasema ukweli ni kwamba hajui. Yeye Ijumaa alikuwa akimaliza zamu mchana. Siku moja alirudi kuchukua mwavuli akakuta mashine zote mbili za kanda zinazunguka kwa pamoja, wewe umekaa katikati na chai. Kazi ya mashine moja, ambayo nyote mlifundishwa kuifanya hatua kwa hatua, wewe unaiendesha kwa mbili. Alidhani unaandika kanda mbili mara moja na kuacha kuzisoma, ili uwahi nyumbani. "Nilimshuku," alisema, "na sikumuuliza. Alikuwa rafiki yangu. Rafiki unamwuliza vipi jambo kama hilo?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sare yangu. Nilimchukia, halafu nikaona kwamba mimi na yeye tulikuwa na hesabu moja na jibu moja.

Mama alikaza leso kiunoni. Aliinuka, akatoka, nikasikia anabisha hodi kwa jirani. Sauti yake ilipita ukutani kama hakuna ukuta. "Baba Nekesa, mke wako alisema miaka yenu iko kwetu. Jumamosi tunaipeleka kiwandani ikasomwe. Uje uone kwa macho yako, usije ukahadithiwa."

Nilimwambia baadaye kwamba ikiwa kanda ni tupu, amejiletea shahidi wa aibu yetu. Akasema afadhali aibu yenye shahidi kuliko sifa isiyo naye.

Jumamosi tulivuka reli kwa miguu, tukashika njia ya viwandani. Mama mbele na kitambaa cheusi, Baba Nekesa nyuma na koti la kanisani, na mimi katikati na mfuko wangu wa shule, kanda ikiwa ndani ya blanketi dogo la Kioko. Mama alikuwa ametoa amri kwamba haitoki mkononi mwangu mpaka aone inawekwa kwenye mashine. Bwana Barasa alitupokea getini. Alitaka kunisaidia mfuko. Nikaukumbatia.

Sikuwa nimewahi kuingia chumba chako. Hukunieleza kwamba kuna baridi hivyo, wala kwamba mashine zina sauti kama watu wengi wanaopumua usingizini. Meneja alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, tai imekazwa. Hakutusalimu vizuri. Alitaka kujua mali ya kampuni ilifikaje nyumba ya mtu.

"Ilifika kila Ijumaa," Mama alisema, "na kila Jumatatu ikarudi. Muulize aliyekutangulia."

Meneja akamtazama Bwana Barasa, na Bwana Barasa, Baba, aliinua kichwa akasema ni kweli, yeye alijua tangu mwanzo. Ilimgharimu kitu.

Basi nikaitoa kanda nikampa opereta mpya, kijana aliyeshika nafasi yako. Aliipokea kwa adabu, akaenda nayo kwenye mashine, na mkono wake wa kushoto, bila hata yeye kutazama, ukaingia kwenye boksi lililo mezani ukatoka na pete. Akaibonyeza nyuma ya kanda. Tap. Sauti hiyo naijua.

Nilingoja mtu aseme. Meneja alikuwa anatazama saa. Bwana Barasa alikuwa anaongea na Mama. Kijana amekwisha inua mkono kuibandika kanda kwenye mashine. Wajua darasani huwa siinui mkono hata nikiwa na jibu.

"Toa hiyo pete," nilisema.

Wote waligeuka. Kijana akatazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Bwana Barasa alifika kwa hatua mbili, akaitwaa kanda, akapitisha kidole, akachomoa pete na kuiweka kiganjani mwangu. Alimwambia kijana kwamba kanda ya kusomwa haivishwi pete. Agizo moja la kukosea na ile nakala ya pekee ingeandikwa juu yake. Kijana aliomba radhi. Alisema ni mazoea. Tangu afike pale, kila kanda aliyopewa ilikuwa ya kuandika. Pengine ni mazoea. Mimi mpaka leo sijui, na nimeamua kutomsema vibaya mtu kwa jambo nisilolijua. Lakini sikumwondolea macho tena.

Kanda ikaanza kuzunguka. Hukuniambia kwamba haizunguki moja kwa moja. Inakwenda, inasita, inakwenda, kama mtoto anayesoma kwa kidole. Kila iliposita mimi nilisita nayo. Meneja alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma. Ilikwenda hivyo mpaka mwisho, na mashine haikulalamika hata mara moja.

Meneja hakuridhika. Akaamuru isomwe pia kwenye mashine ya pili. Nilidhani anatafuta njia ya kuikataa. Ikasomwa pia, yote.

Hapo Bwana Barasa akakaa kwenye kiti chako, polepole, kama mtu aliyeambiwa habari. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini zile nyingine hazikusomeka. Akasema yule fundi aliyekuja baada ya ajali aligundua kichwa cha mashine ya kwanza kimeanza kwenda upande, haijulikani tangu lini, ila ni baada yako. Kilikuwa kinaandika upande, na kikisoma kinasoma upande vile vile, kwa hiyo kila Ijumaa mashine ilijisahihisha yenyewe na kujipa alama zote. Fundi alipokinyoosha, kabla nakala hazijajaribiwa, mashine ikapona na kanda zake zote zikawa bubu. Hakuna mashine nyingine duniani ingezisoma.

Baba, nilishika ukingo wa meza. Nilimkumbuka Akinyi.

Unamkumbuka, deski mate wangu. Nilikuhadithia mwanzoni mwa mwaka, siku ulipokuja umechoka na kula ukiwa umefumba macho. Nilikwambia kwamba mwandiko wa Akinyi hausomwi na mtu ila Akinyi. Akijisahihisha imla anapata yote, kwa sababu anajua alichotaka kuandika. Mwalimu akagundua, akatuambia tubadilishane vitabu, kila mtu asahihishe cha mwenzake, na Akinyi akaanguka vibaya hata akacheka mwenyewe. Na tena, nilisema, kusahihisha kwenyewe sasa kunakwisha upesi, maana mwalimu hangoji tumalize wote: huyu akiendelea kuandika, yule anasahihisha. Ulifumbua macho. Ulisema, "Rudia hapo." Nilirudia. Kijiko kikasimama hewani, mpaka Mama akauliza kama chakula kina chumvi nyingi.

Nilidhani ulikuwa umechoka tu.

Nilimwambia Bwana Barasa hayo yote pale pale, nikijikwaa maneno. Hakunikatiza. Alitazama mashine moja, akatazama ya pili. "Hakuwa anaandika kwa zote mbili," alisema mwishowe. "Hii ilikuwa inaandika ya pili, na ile inasoma ya kwanza. Kazi ya jioni nzima inakwisha alasiri. Na hakuna mashine iliyojisahihisha." Akavua miwani akaifuta, na aliifuta muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

Siwezi kuthibitisha, Baba. Hakuna aliyekuona. Lakini kanda imesomeka kwenye mashine zote mbili, na jioni zetu za Ijumaa zilianza wiki ile ile ya Akinyi. Nimezipiga hesabu tena na safari hii jibu ni lingine. Hukuziiba. Nilikupa mwenyewe bila kujua, na wewe ukanirudishia.

Baba Nekesa alikuwa bado amesimama karibu na mlango na koti lake. Alikohoa. "Na mimi?" alisema. "Nitafuteni mimi basi." Kijana akabonyeza, printa ikapiga kelele, ikatoa karatasi yenye matundu pembeni. Baba Nekesa aliishika mbali na macho. Jina lake, mwaka wake wa kuingia, idara zake zote. Akashuka na kidole mpaka mahali akasimama. "Hata ile likizo ya kwenda kumzika mama yangu imo," alisema. "Marehemu Kyalo alinitunzia hata hiyo." Hakuimba tulipovuka reli kurudi, lakini ni yeye aliyeubeba mfuko wangu, ukiwa mtupu.

Usidhani kila kitu kimenyooka. Tangazo la getini linasema kumbukumbu zimepatikana kwa juhudi za idara. Jina lako halimo. Meneja alimwambia Mama kwamba hakuna atakayetaja wizi, ila alilisema kwa namna ambayo inaweza kubadilishwa kesho. Mama alimwomba aliandike. Akasema ataleta. Tunangoja, na mimi simwamini, wala Mama. Lakini mtaani hakungojwi tangazo. Mferejini Mama Nekesa alilivuta debe langu akaliweka mbele ya lake. "Pitisheni mwenye kutunza miaka yetu," alisema, na wanawake wakacheka, kicheko kingine.

Bwana Barasa aliuliza kama kanda ya Ijumaa inaweza kuendelea kulala kwetu mpaka benki ipatikane. Mama akamwambia kabati lake limestaafu. Ila alimpa chai, ya zile sukari alizotuletea mwenyewe. Zilikuwa zimekaa hata zikashikana kama jiwe. Ilibidi Kioko azipondeponde kwa mchi. Ile pete niliyopewa kiganjani Kioko ameidai na iko kiwikoni kwake. Kila Ijumaa sasa Bwana Barasa anatumia mashine mbili. Namuuliza kila Jumapili ipi iliandika na ipi ilisoma. Anasema ninamchunga kuliko meneja.

Nakuahidi hivi. Sitaacha kushuku, maana nimeona kushuku kwako kulikuwa namna ya kuwatunza watu. Lakini nikimshuku mtu nitamuuliza, akiwa bado anaweza kunijibu.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja nitaipeleka Kangundo tukienda Krismasi. Ya pili iko hapa mezani, na Mama akirudi kanisani nitampa aisome kwa sauti, mimi nikifuatisha kwenye yangu. Atafika mahali niliposema nilikushuku, na sijui atanitazamaje. Hata hivyo ataisoma yeye. Mwandiko wangu haufai kusahihishwa na mimi peke yangu.

Nasikia sauti ya Kioko getini. Lala, Baba. Ijumaa nitakaa kizingitini jua likiwa bado juu ya mapaa.

Binti yako,
Mwende